Mota ya Ekai

Mota ilianza kunuka ilipofika herufi ya pili ya jina la Nyadak. Kwanza ilitoa harufu ya vumbi la moto, kisha ile harufu ya plastiki inayoungua ambayo Akiru aliijua kama alivyojua harufu ya uji ulioshika chini ya sufuria. Alinyoosha mkono kuizima, lakini alichelewa. Kisu kilikuwa kimekwama ndani ya ubao, mkono wa mashine ukaendelea kuvuta, na kisu kikakatika tak, kama jino.

"Khalas," alisema Athian. "Amekufa."

"Usiseme hivyo mbele ya watu."

"Sasa niseme nini, Akiru? Niseme amelala?"

Mlangoni watu waliinua shingo. Walikuwa wamekaa juu ya jerikeni tupu na mawe, Waturkana wa mjini Kakuma na wakimbizi kutoka kambini, kila mmoja na ubao wake wa mti mgumu wa mathenge mapajani. Nyaduoth, mama yake marehemu Nyadak, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alisimama, akaingia, akautazama ubao uliokuwa na N moja na Y isiyo na mkia.

"Mama, mashine imeshindwa na jina ya mtoto?" aliuliza.

"Haijashindwa na jina, Nyaduoth. Imeshindwa na mti."

Ulikuwa ukweli. Mashine ile ilikuwa imeletwa na mradi fulani, ikazinduliwa kwa picha nyingi na soda. Kompyuta iliiambia pa kwenda, nayo ikachonga yenyewe herufi, maua, lolote ulilochora. Lakini mota yake haikuzidi ukubwa wa kikombe. Ilitengenezewa kukata plastiki laini na mbao za misonobari kutoka Kitale, vitu vya kuuzia wageni: vishikio vya funguo, ngamia wadogo. Wageni waliacha kuja. Ekai, kakake Akiru, ambaye aliianzisha karakana pamoja na Athian, alikuwa akiigonga mota ile kwa kidole na kusema, "Hawa walitupa meno ya maziwa. Siku moja tutayang'oa tuweke magego."

Ekai alichukuliwa na Mto Tarach. Mvua ilinyesha milimani, hapa jua likiwaka, na maji yakashuka katika laga, ule mkondo wa mto uliokuwa mkavu asubuhi. Walimpata chini zaidi, amekumbatia mzizi. Msalaba wake waliuchonga kwa msonobari, kwa sababu ndiyo mbao ambayo mota ile iliiweza, na mchwa wakaula. Sasa penye jina lake palikuwa na kichuguu cha udongo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa makaburi karibu yote ya pale nyuma ya laga. Na sasa Ofisi ya Ardhi na Mipaka ilikuwa imebandika tangazo: uwanja ule utajengwa bohari. Kaburi lenye jina linalosomeka, lililoandikwa kwenye kitu cha kudumu, litazungukwa bila kuguswa. Lisilo na jina litahesabiwa kuwa ardhi tupu. Trekta itaingia Jumatatu.

Yadi ya vibao vya simenti mjini ilikuwa moja tu, na kila mtu alijua mwenye yadi ni shemeji ya nani pale ofisini. Siku tangazo lilipobandikwa, bei ya kibao ilipanda kabla gundi haijakauka.

Kwa hiyo watu walikata mathenge. Mti huo, ambao Waturkana huuita etirae, ulikuwa umeziba njia na kuua mbuzi kwa miiba, na serikali yenyewe iliutukana redioni. Lakini ukiukausha, mchwa huuonja na kwenda zao. Huliwa na moto peke yake.

"Magego yapo Lodwar," Akiru alisema.

Athian alielewa alichomaanisha. Mota mpya, mota kubwa, Ekai alikuwa ameiagiza mwenyewe. Ilifika Lodwar kwa basi baada ya mazishi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuichukua.

"Ningekuja," Athian alisema, "lakini bila pasi ya kutoka kambini sifiki hata kizuizi cha kwanza."

"Wewe tayarisha kishikio cha mota. Wewe Nyaduoth, usirudi nyumbani. Linda nafasi yako."

Njiani kwenda stendi alipita mbele ya Ofisi ya Ardhi na Mipaka. Bango lake lilisimama pale pale langoni, pana kama mlango, jeusi kwa mafuta: ubao mmoja mzima wa mathenge. Ekai alilichonga kwa patasi na nyundo mpaka viganja vikatoka damu, kwa sababu mota ndogo ilikataa. Ofisi ililichukua kwa ahadi ya kulipa. Alikufa akiwa bado anaambiwa apite wiki ijayo.

* * *

Ofisi ya mizigo Lodwar ilikuwa na feni moja, na feni ile ilimpulizia karani peke yake. Kijana yule alisoma kikaratasi juu ya boksi, akaliweka miguuni pake.

"Mwenye mzigo?"

"Ni ndugu yangu. Ekai."

"Aje na ID."

"Ekai alikufa."

"Woi. Pole sana, mathe." Hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Basi kuja na death certificate na barua ya chifu."

"Ile cheti bado inafuatwa. Kila nikienda wanasema mtambo uko chini. Mimi ni dada yake, hii kitambulisho yangu. Tazama, jina ya baba ni moja."

"Jina ya baba haichukui mzigo. Mwenye jina ndiye anachukua. Mimi sikuandika sheria."

"Nani aliandika?"

"Ati?"

"Nauliza nani aliandika. Nimtafute."

Karani alicheka kidogo. "Next."

Akiru hakusogea. Kwao Kaikor, nyanya yake hakuruhusu jina la aliyekufa lirushwe hewani kama jina la mbuzi aliyepotea. Mtu akishazikwa, unapanga mawe juu yake, unaweka tumbaku, unayajua yale mawe kama unavyojua mlango wako, na watoto wako watayajua. Herufi za nini? Lakini sasa serikali ilitaka herufi, vinginevyo mtu wako hakuwahi kuwa mtu. Na hapa kijana mwenye feni alitaka Ekai aje mwenyewe. Basi, angemwita.

Alishika kaunta kwa mikono miwili, akageuza uso mlangoni, akaita kwa sauti ya kuitia ng'ambo ya mto.

"Ekai! Ekai wee! Njoo uchukue mzigo wako! Kijana wa Lodwar anakutaka wewe mwenyewe! Amka, Ekai, njoo na kitambulisho!"

Mtu aliyekuwa akifunga katoni aliacha utepe wa gundi ukining'inia.

"Madam, tafadhali..."

"Ekai! Usikawie! Hapa wanafunga saa saba!"

Bibi mmoja mwenye shanga mpaka kidevuni alijifunika mdomo kwa kiganja, kisha akasogea kwenye kaunta na kumtazama karani kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekalia nge.

"Wewe kijana," alisema taratibu, "mpe huyu mama mzigo yake kabla aliyeitwa hajaitika."

Karani alisukuma boksi kwa mguu. Hakuuliza hata sahihi.

Nje, Akiru aliketi juu ya boksi kivulini mwa ukuta. Halafu akapata pikapu ya vitunguu iliyokuwa ikielekea Kakuma.

* * *

Mota mpya ilikuwa chuma kitupu, ndefu kama mkono wa mtoto na nzito kama jiwe la kusagia. Athian alitoa ile ndogo kwa skrubu nne, akaiweka dirishani bila kuitupa. Kishikio alichokichomelea kwa vyuma vya lori, yeye na Ekai walikuwa wamekipima zamani, na kiliingia sawasawa. Tatizo lilikuwa uzito. Umeme wa jenereta ya mtaa ukikatika, kichwa cha mashine kingeanguka na kuchimba ubao. Athian alifunga kamba, akaipitisha juu ya ringi ya baiskeli iliyoning'inizwa kwenye boriti, na upande wa pili akafunga gunia la mchanga. Akapunguza mchanga kidogo kidogo mpaka kichwa kikakaa hewani peke yake, hakipandi wala hakishuki.

Kisha aliunganisha kisanduku cha kuongoza mwendo wa mota, na mwisho akatoa mipira miwili myembamba ya maji.

"Hii inapozwa na maji," alisema. "Ziko pia za kupozwa na upepo. Ekai alikataa. Alisema upepo ya Kakuma ukipuliza mota ni kama kupuliza chai na pumzi ya moto."

"Inataka maji kiasi gani?"

"Ndoo moja. Pampu inapeleka, inarudisha. Hainywi, inazunguka tu. Lakini ndoo moja, kwa hii joto, baada ya kidogo ni supu. Unabadilisha, unangoja ipoe. Bila maji usiwashe hata mara moja, Akiru. Itakufa kama mwenzake."

Akiru alichukua jerikeni mbili akaenda bombani. Nasike, mwanamke wa bomba, alikuwa na ufunguo shingoni na habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Ejok, Akiru."

"Ejok, Nasike."

"Nasikia iko mashine inaoga."

"Haiogi. Inapozwa."

"Watu hapa kiu imewakausha mate, wewe unapoza chuma." Nasike alitazama foleni ili apate wa kucheka naye, akampata. "Jina yako ni mvua, lakini mkono yako ni jangwa. Hii maji ni ya kunywa. Ya biashara ina bei yake, na ofisi imesema leo hakuna ya biashara."

"Ofisi gani?"

"Ofisi ni ofisi."

Akiru alirudi na jerikeni zikigongana tupu. Hakumwambia mtu kitu, lakini jerikeni tupu husema zenyewe. Nyaduoth alimtazama, akainuka. Alikuwa na chupa ya maji aliyokuja nayo tangu alfajiri, imebaki nusu. Aliingia ndani akaimimina ndooni, akarudi kukaa juu ya jiwe lake kana kwamba alikuwa amekwenda kutema mate.

"Mama, hiyo ni ya kunywa," Akiru alisema.

"Nyadak alikuwa mtoto ya kuomba maji usiku," Nyaduoth alijibu. "Mimi namwambia lala, kesho. Leo nimempa."

Kisha mzee mmoja akaleta kibuyu. Msichana akaleta kikombe cha bati akikishika kwa mikono miwili. Wakaja mmoja mmoja, na ndoo ikajaa kwa maji ya rangi tofauti. Athian akaivika gunia bichi, akatumbukiza pampu, akangoja mpaka mpira wa kurudisha ulipoanza kutoa.

Ile ndogo ilikuwa ikilia kama mbu sikioni. Hii haikulia, iliguruma ndani kwa ndani kama paka aliyeshiba. Kisu kiliingia kwenye mathenge bila kuomba ruhusa, na vumbi jeusi lenye harufu tamu likaruka juu ya mikono yao. Mkia wa Y ukatoka. Ikatoka A, ikatoka D. Nyaduoth aliingiza kidole ndani ya herufi zikiwa bado moto.

"Imeshika," alisema. "Iko ndani."

Walikuwa wameshakata vibao kadhaa Bwana Reuben alipofika. Alikuwa ofisa wa Ardhi na Mipaka, mtu wa kutembea na kalamu mbili mfukoni, na alisimama mlangoni akijipepea kwa faili.

"Ejok, ejok. Naona kazi inaendelea. Nimekuja kuwaokoa na hasara." Aliokota ubao wa Nyadak, akaugeuza. "Hii haitakubalika."

"Kwa nini?" Akiru aliuliza.

"Tangazo linasema kitu cha kudumu. Pamanenti. Mbao si pamanenti."

"Hii ni mathenge, Bwana Reuben. Mchwa hawali."

"Madam, sheria haijui mathenge na haijui mpapai. Mbao ni mbao. Pamanenti ni simenti."

"Simenti ya shemeji yako?"

Watu walicheka, na kicheko kile kilimpanda Reuben usoni. Alirudisha ubao mezani taratibu sana.

"Na hiyo miti mlikata na kibali ya nani? Naweza kuuliza hiyo pia. Sitauliza, kwa sababu nyinyi ni watu wenye msiba. Lakini Jumatatu kibao ambacho si simenti, mimi sijakiona." Akamgeukia Athian. "Na wewe, mgeni wetu, hiyo kambi yako iko upande ule."

Alipoondoka, mtu alianza kulia pale nje, kilio chembamba cha mtu aliyechoka. Athian alizima mota. Maji yaliendelea kutiririka kidogo, kisha yakasimama.

"Mbao ni mbao," Akiru alisema. Alikuwa akitazama njia aliyopita Reuben, njia ya kwenda ofisini. "Athian, meza yetu inaweza kubeba ubao wa upana gani?"

"Kama mlango. Kwa nini?"

"Kesho baada ya kanisa uje. Na wenzako wenye mabega."

* * *

Jumapili jua likiwa utosini walitoka kanisani wakiwa na nguo zao nzuri, wakapita moja kwa moja mpaka lango la Ofisi ya Ardhi na Mipaka. Hawakunyata. Walikuwa na sululu na machela ya kubebea wagonjwa.

Lokeno, askari wa lango, aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amezikwa kule nyuma ya laga, karibu na Ekai.

"Mnataka nini siku ya Mungu?"

"Tumekuja kuchukua kazi ya ndugu yangu," Akiru alisema. "Hawakuilipa. Ni yetu."

Lokeno alilitazama bango. Aliwatazama wenye sululu. Akaweka rungu lake chini.

"Mimi tumbo inaniuma tangu asubuhi," alisema. "Naenda choo. Nikikaa huko, nakaaga." Alipiga hatua chache, akageuka. "Akiru. Ile yangu inaitwa Erupe. Ni E mwisho, si I."

Mathenge ile ilikuwa imesimama katika udongo wa mchwa miaka yote hiyo, na walipoing'oa, miguu yake ilitoka myeusi na mizima, bila hata tundu. Athian alicheka mpaka akakaa chini. "Pamanenti," alisema. "Wallahi, pamanenti."

Mchana kutwa mota ya Ekai ilifanya kazi. Walilaza bango kifudifudi, maandishi ya ofisi yakatazama meza, na kwenye mgongo wake wakakata majina. Watu walileta maji kutoka majumbani, na ndoo ilipogeuka supu walibadilisha, na ile ya moto wakaiweka kivulini ipoe na kurudi zamu yake. Alasiri hata Nasike alikuja na jerikeni, akaitua mlangoni bila kusalimia, akasema jina la mamake, akaondoka. Akiru aliandika jina la Ekai mwisho wa wote. Kisu kilipomaliza, aliweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa na uvuguvugu tu, kama paji la uso la mtu asiye na homa.

* * *

Jumatatu trekta ilikuja ikitimua vumbi. Uwanja ule ulikuwa na mlango mmoja, kati ya ukingo wa laga na kichaka cha miiba, na katikati ya mlango huo lilisimama bango: OFISI YA ARDHI NA MIPAKA.

Dereva alifunga breki. Nyuma ya bango watu walikuwa wamekaa chini, kimya, wengi.

"Hapa ni ofisi?" aliuliza.

"Soma," Akiru alisema.

"Nimesoma. Mimi niliambiwa ni uwanja tupu."

"Basi piga simu."

Reuben alifika kwa pikipiki, kalamu zake mbili zikiruka mfukoni. Alipoliona bango alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Hii ni mali ya serikali! Mmeiba mali ya serikali!"

"Haijaenda mbali," alisema mzee wa kibuyu.

"Dereva, sukuma hiyo kitu!"

Dereva alikuna shingo. "Mkubwa, mali ya serikali mimi sigusi bila barua. Wewe mwenyewe ndiye unanifundishaga hiyo. Ikivunjika nitalipa na nini?"

"Ni mbao tu!"

"Ni bango ya ofisi yako, mkubwa. Jina ya ofisi ndiyo hiyo. Andika barua, piga muhuri, nitasukuma."

"Muhuri uko Lodwar."

"Basi Lodwar."

Trekta ilizimwa. Reuben alisimama juani akipumua, akisema barua itakuja kesho, na wote mtaona, na majina yenu ninayo. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, alilizunguka bango akaenda kutazama mgongo wake. Majina yalishuka mstari kwa mstari, ya Kiturkana na ya Kidinka na ya Kinuer, marefu na mafupi, makali kama yaliyokatwa leo. Alisoma kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Chini ya jina la Ekai aligusa ubao mtupu, nafasi pana iliyosuguliwa vizuri na kupakwa mafuta.

"Na hapa mbona mmeacha wazi?"

Akiru alikuwa akimwaga mabaki ya maji ya ndoo juu ya mawe ya kaburi la kakake. Hakugeuka.

"Tunaendelea kufa, Bwana Reuben," alisema. "Hatukutaka kuja kukuomba ubao mwingine."